MREJESHO: Ile MRI ya bega iliyoninyima usingizi

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu ripoti ya MRI (kile kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ya bega la kulia, iliyosema nafasi kati ya kichwa cha mfupa wa mkono na ule mfupa wa juu ya bega (akromioni) ni milimita 6.5, wakati kila nikisoma naambiwa kawaida ni 7 hadi 14. Mlinitisha kweli kweli, kuna mmoja aliniambia nianze kuchanga hela ya upasuaji.

Basi juzi nimeonana na daktari wa mifupa, akaweka picha kwenye kompyuta akapima mwenyewe mbele yangu, pale palipobana zaidi. Akasema zile 7 hadi 14 ni za eksirei ambayo mtu anapigwa amesimama, mkono unaning'inia kwa uzito wake na kuvuta mfupa chini, ila kwenye MRI umelala chali, mkono hauvutwi, kwa hiyo namba inakuja ndogo kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Hiyo hakuna aliyeniambia humu!

Eti ukiona nafasi imebana sana kwenye eksirei ndo unahofia kano za bega (zile kamba zinazoshikiza misuli kwenye mfupa) zimechanika, na MRI kazi yake kubwa ni kuziangalia hizo kano zenyewe. Zangu hazijachanika, zimevimba tu. Nimepewa fizio (tiba ya mazoezi) wiki 6, na ndoo za maji marufuku kubeba, wife kanuna.