Bahari isiyo na mwisho ndani ya Mario: je, tulimwonea mwenzetu?

Mwana wa Mikindani

Ndugu zangu, naomba niwasilishe swali ambalo limekaa kifuani mwangu tangu mwaka 1999, na ambalo limefufuka wiki iliyopita nilipokuwa nikipanga upya chumba cha marehemu baba hapa Mikindani na kuikuta, chini ya magunia chakavu ya korosho, ile mashine yetu ya gemu pamoja na kaseti yake ya rangi ya manjano, padi mbili na bunduki ya plastiki iliyopasuka mdomo.

Baba aliinunua baada ya msimu mzuri wa korosho. Ilikuja kwa meli kutoka Dar es Salaam, kwa sababu miaka ile, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, safari ya barabara ya kusini wakati wa masika ilikuwa jambo la kumwachia Mungu. Tuliiunganisha na luninga ya chogo ya inchi 14 kwa waya wa antena, na kila jioni ambayo majenereta ya mji yalikubali kufanya kazi, watoto wa mtaa mzima walijaa barazani kwetu. Sheria ilikuwa moja tu: ukifa, unampisha anayefuata.

Miongoni mwetu alikuwapo kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Huyu alisisitiza kwamba katika mchezo wa Mario, mwishoni mwa hatua ya pili ya dunia ya kwanza, pale penye bomba la kutokea, mtu anaweza kupenya ndani ya ukuta na kuibukia katika dunia iliyoandikwa «-1», ambayo ni bahari isiyo na mwisho. Alijaribu mbele yetu mara nyingi, kila mara akaganda ukutani kama mjusi mpaka muda ukamwishia, na kila mara akapoteza zamu yake. Tukamcheka, tukamwita Hasi Moja, na jina hilo likamfuata shuleni, uwanjani na hata siku ya ndoa yake. Leo ni nahodha wa mashua inayovusha watu kwenda Msanga Mkuu, na mimi mwenyewe, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilimwita hivyo mwezi uliopita tu nilipopanda chombo chake.

Swali langu ni hili: je, dunia ile ipo kweli? Na kama ipo, kwa nini ilimkataa mbele ya mashahidi wote wale?

Mwalimu wa Hesabu, Masasi

Kaka, dunia ile ipo, na mwenzenu hakuwadanganya. Kilicho na kasoro ni jina mlilompa, kwa maana dunia ile haina namba ya hasi moja hata kidogo. Namba yake halisi ni 36. Nitaeleza, na uniwie radhi nikirefusha.

Mchezo wa Super Mario Bros. ulitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985, na mchezo mzima ulitoshea katika kilobaiti 40, ambazo ni ndogo kuliko picha moja ya simu unayomtumia shemeji yako leo. Kwa ufinyu huo waundaji walibana kila kitu: ukitazama vizuri utaona kwamba wingu la juu na kichaka cha chini ni mchoro uleule uliobadilishwa rangi. Sasa, nyuma ya ule ukuta wa mwisho katika 1-2 kuna chumba chenye mabomba matatu ya kukurusha hadi dunia ya 4, ya 3 au ya 2. Njia ya halali ya kukifikia ni kutembea juu ya dari. Njia ya mwenzenu ni nyingine: Mario akiwa mkubwa, unavunja matofali ya dari yaliyo karibu na bomba lakini unaliacha lile linalogusana na ukuta, kisha unasimama kwenye ukingo wa bomba ukitazama kushoto, unachutama, na unaruka kinyumenyume kwa kipimo sahihi kabisa. Mashine, ikimkuta Mario yumo ndani ya kitu kigumu, haimtoi alikotokea, bali inamsukuma kulia hadi anatokeza upande wa pili.

Hapo ndipo siri inapoanza. Namba za yale mabomba huandikwa pale tu skrini inaposogea mbele ya kutosha. Ukiingia katika bomba kabla ya maandishi ya kukukaribisha kutokea, mashine inatumia thamani za chumba kingine cha mabomba, kilichomo katika 4-2, ambako bomba la katikati linakwenda dunia ya 5, na nafasi za kushoto na kulia hazina bomba lolote, kwa hiyo zimejazwa alama ya nafasi tupu. Katika hazina ya michoro ya mchezo huo, nafasi tupu ndiyo mchoro namba 36. Mashine haijui utani. Inasoma 36 na kukupeleka dunia ya 36. Inapotaka kukuandikia namba hiyo inachora mchoro wa 36, yaani haichori chochote, halafu inaweka kile kistari kinachotenganisha dunia na hatua, halafu moja. Wewe unaona «-1». Data zinazosomwa huko ziko nje ya orodha ya dunia nane, na kwa bahati zinaangukia kwenye bahari ileile ya 7-2, isipokuwa bomba la mwisho linakurudisha mwanzo, na utaogelea hivyo hadi muda uishe au pweza akumalize.

Kuhusu kukataa mbele ya mashahidi, nadhani ama alivunja lile tofali la mwisho, ama alikosa kipimo cha kuruka. Ni kipimo cha mtu aliyefanya mazoezi peke yake kwa saa nyingi, na ninyi mlimpa mtoto wa watu roho tatu kwa jioni.

Mzee wa Chuno

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini amesahau aina ya kaseti tulizokuwa nazo huku. Mashine zetu nyingi zilikuwa nakala za ile Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, na kaseti zake ziliandikwa kwamba zina michezo laki tisa na ushee, ilhali ukihesabu kwa makini ulikuta michezo michache iliyorudiwarudiwa, mmoja ukianzia hatua ya kwanza, mwenzake ukianzia hatua ya tano, mwingine ukikupa roho nyingi, na kila mmoja ukipewa jina lake. Mimi niliwahi kununua kaseti iliyoandikwa «Mario 14», nikakuta ni mchezo wa mtu mwingine kabisa aliyebandikwa kichwa cha Mario. Katika mazingira hayo, nani angeweza kusema kwa uhakika kwamba jambo fulani limo katika kaseti yake?

Nataka pia niwatetee kidogo ninyi mliomcheka. Katika banda la gemu nililokuwa nikishinda hapa mjini, kulikuwa na kijana aliyeandika kodi, yaani mpangilio wa vitufe vya kubonyeza ili upate siri ya mchezo, katika daftari la shule na kuziuza kwa shilingi 50 kila moja. Ile ya mchezo wa askari uitwao Contra, yaani juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, ilikuwa ya kweli na ilikupa roho 30, nami sijutii fedha yangu. Ya kumfanya askari wa Contra apae angani ilikuwa uongo mtupu, na ile ya kumpata mpiganaji wa kike katika mchezo wa mbio za magari, nadhani hata yeye aliiandika huku akicheka. Uongo ulikuwa mwingi sokoni, na mkweli akapimwa kwa mizani hiyohiyo.

Mwalimu wa Hesabu, Masasi

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali kuhusu kaseti, ingawa zile zilizonakiliwa kutoka kaseti halisi zilinakili na makosa yake. Toleo lenye tofauti kubwa ni lile la diski lililouzwa Japani, ambamo dunia hiyo si bahari ya milele, bali ina hatua tatu na inakwisha.

Ila naona tunachanganya siri za namna mbalimbali. Kodi ya Contra ilizaliwa kama chombo cha kazi: Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, aliyefariki Februari 2020, alikuwa akitengeneza mchezo wa Gradius kwa ajili ya Famicom mwaka 1986, mchezo ukamshinda kwa ugumu, akajiwekea mkato wa kupata silaha zote ili aweze kuukagua, na mkato huo ukabaki humo ulipouzwa, kisha ukatumika tena katika Contra. Warren Robinett, muundaji wa michezo wa Atari, yeye alificha siri yake kwa makusudi. Kampuni ya Atari haikuwa ikiandika majina ya waundaji, basi yeye akaweka katika mchezo wa Adventure chumba cha siri chenye jina lake, kinachofunguliwa kwa nukta moja ya kijivu ambayo jicho huipita tu, akaondoka kazini bila kumwambia mtu. Aliyegundua alikuwa kijana wa miaka 15 huko Marekani, aliyeandika barua kuuliza. Bahari ya mwenzenu haikufichwa na yeyote, ni kosa la hesabu, na mimi kwa upande wangu naipenda kuliko zote kwa sababu hiyo.

Binti wa Rasbura

Kaka zangu, salaam kutoka Lindi. Nimesoma nikitabasamu, kwa kuwa ninyi nyote mnazungumzia siri mlizozitangaza, nami nina siri niliyoitunza kwa miaka miwili bila kumwambia mtu.

Katika ule mchezo wa kuwinda bata, bunduki huchukua tundu la pili la mashine, na padi hubaki katika tundu la kwanza. Kaka yangu mkubwa alikuwa bingwa, na alitunyima bunduki wadogo zake wote, akisema wasichana wataivunja. Siku moja nilikuwa nimekaa nyuma yake na padi mapajani, nikabonyeza mishale kwa uchungu tu, na bata akageuka. Nikabonyeza juu, bata akapanda. Nikabonyeza kushoto, akaenda kushoto. Kumbe katika mchezo wa bata mmoja mmoja, mwenye padi ndiye anayemwendesha bata! Sikusema neno. Tangu siku hiyo kaka alianza kukosa shabaha kwa namna ya ajabu, akalaumu luninga, akalaumu bunduki, na ilifika mahali akamwomba mama amwitie shehe wa msikitini aisomee dua mashine ile, kwa kuwa bata wake walikuwa wanamkwepa kama wanamfahamu. Mama alinitazama mimi, akatazama padi, akanyamaza. Naamini alijua.

Nilimwambia kaka juzijuzi tu, na mpaka sasa hajapokea simu yangu.

Kwa Mwana wa Mikindani, kuna siri nyingine ndogo itakayokufaa ukiiwasha hiyo mashine: katika Mario, ukimaliza roho zote, usibonyeze Start peke yake. Shikilia A ndipo ubonyeze Start, utaanza katika dunia uliyofia badala ya kurudi ya kwanza. Ila umeme ukikatika, kila kitu kimekwenda.

Fundi wa Ndoro

Kabla hujaiwasha hiyo mashine, ndugu, nakuomba usipulize kaseti kwa mdomo kama tulivyozoea. Iliyokuwa ikisaidia si pumzi bali ni kule kuichomoa na kuichomeka upya. Pumzi inaongeza unyevu, na sisi wa pwani hewa yetu ina chumvi tayari, hivyo miguu ya shaba huota kutu ya kijani. Futa miguu hiyo kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke, kisha pima adapta kwanza, kwa sababu nimeona nyingi za zamani zikitoa umeme wa juu kuliko ulioandikwa.

Bunduki usihangaike nayo kama nyumbani huna tena luninga ya chogo. Ukivuta kifyatulio, skrini yote huwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali pa bata panawekwa mraba mweupe, na jicho lililomo ndani ya bunduki linatafuta mweupe huo. Luninga bapa huchelewesha picha, bunduki ikakuta giza, na kila risasi ikahesabiwa kuwa imekosa. Wateja wameniletea bunduki nzima nizitengeneze kwa sababu hiyo.

Mwana wa Mikindani

Nawashukuru nyote, na hasa Fundi, kwa maana miguu ya kaseti ilikuwa ya kijani kama alivyosema.

Jumamosi nilivuka kwenda Msanga Mkuu nikiwa na mashine kwenye mfuko. Nilimsubiri mwenzetu hadi alipomaliza zamu, nikamwita kwa jina lake alilopewa na wazazi, akashangaa, akauliza kuna msiba gani. Nikamwomba radhi na kumsomea maelezo yote ya Mwalimu kutoka katika simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akakaa chini, akakiri kwamba hata yeye hakuwahi kuiona bahari ile maishani mwake. Aliambiwa na binamu yake aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, na binamu naye aliambiwa na mtu. Aliapa mbele yetu kwamba ameshafika huko, kwa sababu alikuwa na hakika angefika siku hiyohiyo.

Tulienda kwake, ambako luninga ya chogo bado inafanya kazi, tukakaa mkekani pamoja na watoto wake. Safari hii tuliliacha lile tofali la mwisho. Jaribio la kumi na kitu, Mario akapenya ukuta kama moshi, na kelele tuliyopiga iliwaleta majirani. Kwa kiherehere nahodha akashuka katika bomba la katikati, tukajikuta 5-1. Binti yake mwenye miaka tisa akamnyang'anya padi na kusema kwamba aliyekosea anampisha anayefuata.

Nilikuwa na chombo cha mwisho cha kurudi mjini, hivyo nimewaachia mashine hadi Jumapili ijayo.