Naomba ushauri: riwaya fupi za zamani za kumsomea babu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Sasa macho yamepungua nguvu, basi kila siku baada ya isha nakaa naye nikamsomea. Tulianza na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951. Karama alipokuwa akijitetea mbele ya mfalme, babu hakukubali nifunge kitabu. Tukafuatia Shamba la Wanyama, tafsiri ya riwaya ya George Orwell, akamlilia yule farasi mchapakazi machozi ya kweli.

Riwaya fupi ndizo zinazomfaa: masiku manne, matano, imekwisha. Ndefu humchosha, akasahau nani ni nani.

Sasa nataka ile ya Mmarekani Hemingway, The Old Man and the Sea, ya 1952, ya mzee mvuvi aliyekaa siku 84 bila kupata samaki. Najua ataipenda mno, bahari anaijua, lakini Kiingereza hakijui. Kuna aliyewahi kuiona kwa Kiswahili, au nimfasirie mwenyewe papo kwa papo?

Nitajieni na nyingine, zisizozidi kurasa 150. Za mapenzi matupu hazitaki. Na duka la Mombasa linaloweza kutuma mzigo kwa basi hadi Mokowe, tafadhali nielekezeni.