Kitabu cha mwisho cha Harry Potter: wewe ulikimalizaje? Tupeane uzoefu

KurasaZilizochanika:
Wakuu, salaam. Kile cha saba kilitoka 21 Julai 2007. Mimi kilinifikia mwaka uliofuata, kidato cha pili, bwenini. Nakala moja, wasichana zaidi ya thelathini, kila mtu usiku mmoja na tochi yake. Zamu yangu ilipofika jalada lilishang'oka, na karatasi za mwisho hazikuwepo. Nadhani ziliwashia jiko la mtu.

Kwa hiyo kwangu hadithi iliishia pale vita vimekwisha, Harry kachoka, anawaza kitanda chake na kama atapata wa kumletea sandwichi. Nikaona sawa kabisa. Mtu katoka kuonana na kifo uso kwa uso, njaa lazima imuume.

Septemba 2017 nashangaa watu mtandaoni wanaandika "leo ndiyo leo", stesheni ya King's Cross, watoto wa Harry wanapanda treni. Watoto gani tena? Ndipo nikajua kuna kipande kingine, cha miaka kumi na tisa baada ya vile vita, na tarehe yake hadithini ndiyo hiyo. Nimeshakisoma. Bado nabaki na sandwichi yangu.

Binamu_Mnoko:
Mimi nina kisa na mtoto wa mama mkubwa, alikuwa London. Kule vilianza kuuzwa saa sita na dakika moja usiku, huku Dar saa nane. Kurasa 607, yeye kaanza na za mwisho! Jioni akapiga simu, hata salamu hakuna: "Bwana, kumbe Snape alikuwa upande wetu!" Nikamkatia. Vitabu sita nimemchukia yule mwalimu kwa moyo wangu wote, halafu nanyang'anywa kwa sekunde tano. Nilikisoma kama marudio ya mechi ambayo matokeo unayo. Na zile sura za hemani, jamani, zinachosha.

MamaMsomaji, Mombasa:
Nilimsomea mwanangu kila usiku, natafsiri papo hapo. Tatizo likawa Dobby, yule kiumbe mdogo wa kichawi, "elf" kwa Kiingereza. Huyu nimwiteje? Siku ya kwanza nikasema "elfu", akauliza, "Elfu ngapi?" Nikahamia "kibwengo", tukaelewana.

Basi tukafika anapokufa. Harry anamchimbia kaburi kwa sepetu, karibu na bahari, uchawi anao na hautumii. Wanamfunga kwenye jaketi, Ron anavua viatu na soksi zake anamvisha. Mtoto kimya. Halafu: "Mama, jaketi ndiyo sanda yake?" Nikasema ndiyo. "Na nani alimswalia?" Hapo sikuwa na tafsiri.

Akakataa tuendelee mpaka Dobby asomewe hitima. Tukakwama wiki nzima. Mwisho tulisoma sisi wawili, sebuleni, maandazi nikapika mimi.

MgeniJukwaani:
Wakuu, mimi ndiyo kwanza nipo sura ya kumi na tano, bado wako hemani. Kwa hiyo Dobby anakufa??