Mto Kafubu umejaa tope: kambale wa kushikwa wapi?

mvuvi_lushi: Bayaya, mvua za Januari zimejaza Kafubu, maji ni kahawia. Risasi (kizito cha kuzamisha ndoano) ya gramu 10 inasukumwa hadi ukingoni na chambo kinarudi na majani. Nifanye nini?

yaya_ndoano: Acha katikati ya mto. Tupa pale maji yanapozunguka polepole: nyuma ya mti ulioanguka, kwenye nyasi zilizofunikwa, mita moja au mbili toka ukingoni. Weka risasi bapa ya gramu 30 au 40. Ya duara inabiringika. Iteleze kwenye kamba ya mm 0.40, kisha kiungo kinachozunguka, kisha sentimeta 40 hadi ndoano namba 2/0.

mtoto_wa_mto: Yaya amesema kweli. Ongeza chambo cha harufu: minyoo minne kwa pamoja, ama maini ya kuku yaliyofungwa kwa uzi, maana kambale anatafuta kwa sharubu na pua. Tilapia anategemea macho zaidi, msahau kwa sasa. Fito ya kuvulia iinue juu, kamba kidogo tu ibaki majini, uchafu hautaishika.

yaya_ndoano: Na usisimame kwenye ukingo ulioliwa chini. Unamomonyoka bila kupiga hodi.