Naomba ushauri: Je, Jane Eyre anabadilika kweli?

Hamjambo wanachama. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu, na Jumamosi nitaongoza mjadala wa kikundi chetu cha usomaji kuhusu Jane Eyre, riwaya ya kigothi (yenye hofu na mafumbo) ya Charlotte Brontë iliyotoka mwaka 1847.

Nimekwama kwenye mabadiliko ya mhusika mkuu. Akiwa na miaka 10 Jane anamrudishia binamu yake, John Reed, kipigo, anafungiwa chumba chekundu, analia hadi anazimia. Miaka baadaye anamsamehe Bi. Reed, mama yake John aliyemlea kwa ukatili, akiwa mahututi. Hapo naona amekomaa. Lakini alfajiri ile anapotoroka Thornfield, jumba alikofanya kazi ya ualimu, akishajua Rochester, mwenye jumba aliyetaka kumwoa, ana mke aliyefichwa orofa ya juu, namwona mtoto yuleyule asiyekubali kuonewa. Ukurasa huo nimeupiga mistari ya penseli mpaka karatasi imeanza kuchanika.

Nimechora jedwali la mahali patano alipoishi, kuanzia Gateshead, nyumba ya akina Reed, hadi Ferndean, anapoishi na Rochester mwishoni. Limenionyesha safari yake, moyo wake bado siuoni.

Wenzangu, kinachobadilika ni tabia yake, au ni namna anavyoitumia hasira ileile? Na mngeanzisha mjadala kwa tukio gani? Asanteni sana.