Mrejesho: yule dada niliyetaka kumfuta kazi

Wapendwa, asanteni. Mwezi wa Novemba niliwauliza: nimepandishwa cheo kuwa msimamizi wa kufungasha waridi huku Naivasha, wenzangu 14 wa zamani hawanisikii, na dada mmoja anachelewa kila wiki. Nimfute?

Mmoja wenu alinielekeza kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41: kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mimi nilikuwa nishaandika barua. Niliona aibu sana.

Basi nikamwita wakati wa chai, tukakaa nje, mbali na masikio ya watu. Kumbe mtoto wake ni mgonjwa, na kila alfajiri humpeleka kwa nyanya yake kule mtaa wa Karagita ndipo apande matatu. Miezi yote hiyo nilimfokea mezani, sikuwahi kumuuliza! Tulimbadilishia shifti. Tangu Januari amechelewa mara moja, na alipiga simu mapema.

Msimu wa Valentine nilirudi mezani kukata mashina nao hadi usiku. Hapo ndipo walianza kuniambia matatizo kabla mambo hayajaharibika.

Kijana mmoja bado ananipinga hadharani. Mazungumzo mawili hayakufua dafu. Jumatatu tunakaa tena, mwakilishi wa chama akiwepo, na safari hii nitaanza kwa kumsikiliza.