Seti ya vikombe vya kale vya kauri: nikague nini kabla ya kulipa?

Mama_wa_Tabata:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Binti yangu anaolewa mwishoni mwa mwaka huu, na ningependa aingie nyumbani kwake na seti moja ya vikombe vya chai vya zamani, vya kukaa kabatini na kutolewa wageni wanapofika. Nimeonyeshwa seti moja Upanga, katika nyumba ya familia inayohama: vikombe sita na visosi vyake, sahani ndogo sita, buli, jagi dogo la maziwa na bakuli la sukari. Vyote vina maua makubwa ya waridi, mekundu na ya manjano, na ukingo wa dhahabu. Chini pameandikwa Royal Albert, Old Country Roses, pamoja na maneno Bone China na England. Mwenye navyo anasema vina zaidi ya miaka mia moja na kwamba vilikuja kwa meli wakati wa Mwingereza, ndiyo maana anataka shilingi 900,000 na hataki kusikia habari ya kupunguza.

Kikombe kimoja kina mstari mwembamba sana karibu na mkono wake. Nauona nikikigeuza kwenye mwanga, ila nikipitisha kidole siusikii. Naomba anayevifahamu vyombo hivi anieleze kama umri huo ni wa kweli, na kama mstari huo ni jambo la kunizuia.

Kabati_la_Bibi:

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufikia hatua ya kumwoza binti.

Umri aliokutajia si wa kweli, na kwa bahati nzuri jambo hili halihitaji ubishi. Pambo hilo la waridi lilianza kutengenezwa mwaka 1962. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, kwa hiyo hakuna kikombe chenye pambo hilo kilichofika hapa wakati wa utawala wa Mwingereza, wala hakuna kilichotimiza miaka mia. Huenda muuzaji anarudia tu alichosimuliwa na wazee wake, hivyo mweleze kwa upole. Lakini usilipie miaka ambayo chombo hakina.

Hata hivyo, seti yenyewe ni nzuri. Utengenezaji wa vyombo vya chapa hiyo ulihamishiwa Indonesia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wanunuzi wengi huvipenda zaidi vile vilivyoandikwa England. Kwa hiyo pindua kila kipande, kimoja kimoja, pamoja na visosi. Seti za nyumbani huvunjika na kujaziwa miaka inavyopita, na si ajabu ukakuta vikombe vinne vya Uingereza na viwili vilivyonunuliwa juzi. Ukiona chini ya kipande maneno yanayosema kinafaa kuoshwa kwa mashine, ujue hicho ni cha miaka ya karibuni.

Kuhusu chapa kwa ujumla, nakuomba uzitumie kukadiria umri na usiziache zikuamulie ubora. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1890, iliyoanza kutumika 1891, ya kutaka bidhaa kutoka nje ziandikwe jina la nchi zilikotengenezwa. Ndiyo maana chombo cha Kiingereza chenye neno England kwa kawaida ni cha kuanzia miaka hiyo, na chenye Made in England aghalabu ni cha karne ya 20. Vya Japani vilivyoandikwa Occupied Japan ni vya kipindi cha baada ya vita, kabla ya mwaka 1952, nchi hiyo ilipokuwa chini ya majeshi ya washindi. Lakini alama za kiwanda chenyewe huigwa. Panga mbili za buluu zilizopishana, alama ya kiwanda cha Meissen cha Ujerumani kilichoanzishwa mwaka 1710, zimeigwa na viwanda vingine tangu karne hiyohiyo ya 18. Mtu anayenunua kwa kusoma kitako peke yake hudanganywa kirahisi kuliko anayeshika kikombe na kukitazama.

Fundi_Gerezani:

Dada, mimi nazungumzia ule mstari, kwa sababu ndio unaonitia wasiwasi kuliko umri.

Mstari usiosikika kwa kidole unaweza kuwa ufa, tena pale ulipo ni mahali pabaya. Mkono ndio unaobeba uzito wote wa kikombe kilichojaa chai ya moto, na siku ukiachia, chai humwagikia mapajani mwa mgeni. Kikalishe kikombe juu ya ncha za vidole vyako, usikishike ukingo, kisha kigonge taratibu kwa kucha. Kikombe kizima hutoa mlio mwembamba unaodumu kidogo, ilhali chenye ufa hutoa sauti butu inayokatika papo hapo. Gonga vyote sita mfululizo, na sikio lenyewe litakuonyesha kisicholingana na wenzake. Ukibaki na shaka, tia maji ya uvuguvugu, kiweke juu ya karatasi kavu na uendelee na mazungumzo yenu, halafu uangalie kama karatasi imelowa.

Nenda asubuhi, mkatazamie dirishani au barazani. Kauri ya aina hiyo huchanganywa na majivu ya mifupa, nayo hupitisha mwanga vizuri: weka vidole nyuma ya kikombe, ukielekeze juani, utaona kivuli cha vidole. Palipozibwa kwa gundi na rangi mara nyingi huonekana doa zito lisilopitisha mwanga. Kama unaweza kuazima ile taa ndogo ya kukagulia noti dukani, nenda nayo. Katika chumba chenye giza, gundi na rangi za matengenezo mara nyingi hung'aa tofauti na kauri yenyewe. Mulika kwa taa hiyo mdomo wa buli na kishikio cha kifuniko chake, maana ndivyo huvunjika kwanza.

Dhahabu iliyofifia ukingoni hairudi, kwa hiyo ipunguze kwenye bei. Madoa ya chai ndani ya buli yasikutishe, ila tafadhali usivisafishe kwa jiki wala kwa steelwire. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, na taulo chini ya beseni vinatosha.

Mama_wa_Tabata:

Nawashukuru sana. Nitarudi na taa, na nitapindua kila kipande. Naomba kuongeza mawili. Je, vyombo hivi ni salama kunywea? Pia, mtu mwingine aliyenisikia nikiulizia vikombe amenipelekea picha ya bakuli la Kichina la buluu na nyeupe, analosema ni la kale sana. Nyuma yake limegandamana chokaa ngumu. Bei yake ni ndogo mno kwa kitu cha kale.

Binti_Pwani:

Mama, bakuli hilo usilinunue.

Pale Kunduchi, hapahapa Dar es Salaam, kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18 ambayo wazee wa Pwani waliyapamba kwa kupachika mabakuli na sahani za Kichina ndani ya chokaa. Makaburi ya namna hiyo yapo pia Kaole, karibu na Bagamoyo. Ukiyatembelea leo utaona mashimo ya mviringo, kwa sababu vyombo vingi vimeng'olewa. Chokaa iliyoganda nyuma ya bakuli haithibitishi kwamba limetoka kaburini, lakini inatosha kukufanya umuulize muuzaji amelipata wapi, na asipokuwa na jibu linaloeleweka, uachane naye. Mambo ya kale yanalindwa na sheria tangu mwaka 1964, na zaidi ya sheria, hayo ni makaburi ya watu. Ningekuomba uwapelekee picha hiyo watu wa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wao wanajua pa kuifikisha.

Simaanishi kwamba kila bakuli la zamani la Pwani limeibwa. Majumba mengi ya Unguja na ya mwambao yana mabakuli yaliyotengenezwa Maastricht, Uholanzi, katika karne ya 19, mengine yakiwa na jina la Petrus Regout kitakoni, nayo yamerithiwa kihalali kutoka kwa bibi hadi mjukuu. Hayo si kauri hasa, ni udongo mweupe, na ukiyaelekeza juani hayapitishi mwanga. Binti yako akija kupenda vyombo vyenye historia ya kwetu, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuhusu usalama, rangi za mapambo ya vyombo vya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na kitu kichachu huyatoa upesi. Kwa hiyo usihifadhi achari, juisi ya ukwaju wala maji ya ndimu humo, na kikombe ambacho pambo lake la ndani limechubuka kibaki kabatini. Watoto wadogo watafutieni vikombe vyao vya kila siku. Vyenye dhahabu visiingizwe kwenye maikrowevu. Chai ikiwa imetoka jikoni ikichemka, tangulizeni maji ya uvuguvugu kwenye buli na vikombe, myamwage, ndipo mmimine chai, kwa sababu kauri ya zamani inaweza kupasuka joto likipanda ghafla.